Ukuta hauulizi, waulizao ni watu

KUNA neno moja ambalo wahandisi wa dunia nzima walipenda mno. Husema kwamba hesabu haimjui mtu. Nguzo ikipimwa vibaya itaanguka hata kama aliyeipima ni mtoto wa sultani, na ikipimwa sawasawa itasimama hata kama aliyeipima ni yatima asiye na kwao. Kwa hivyo, waendelea kusema, katika madarasa ya uhandisi hakuna haja ya kuzungumza habari za mtu ni nani. Hayo ni mambo ya washairi na wanasiasa. Sisi kazi yetu ni chuma, umeme na saruji.

Ni neno zuri, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo nitakayoizungumza leo, na nitaizungumza kwa kutumia watu ambao wengi wetu huku pwani hatupendi hata watajwe mbele ya wazee: wanafunzi wa uhandisi ambao ni mashoga, wasagaji, au waliobadili jinsia. Habari nyingi nitakazozitoa ni za Marekani, kwa kuwa huko ndiko zilikochunguzwa na kuandikwa, na huko ndiko ulikozuka ugomvi mkubwa juu ya jambo hili tangu mwaka 2025. Namwomba msomaji anipe sikio mpaka mwisho, kisha hukumu ni yake.

ALIYEPIGWA KALAMU

Tuanze na mtu mmoja. Lynn Conway alizaliwa mwaka 1938 katika jimbo la New York, na kwa macho ya watu alizaliwa mtoto wa kiume. Mwaka 1955 aliingia Massachusetts Institute of Technology, chuo ambacho kwa mambo ya uhandisi ni kama Al-Azhar kwa elimu ya dini. Masomo hayakumshinda. Kilichomshinda ni kuishi na nafsi yake, kwani alijiona kuwa ni mwanamke. Akajaribu kutafuta matibabu, akaambulia patupu, na mwishowe akatoka chuoni bila shahada. Baada ya miaka kadha ya kazi za ufundi alirudi darasani katika Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya kwanza mwaka 1962 na ya pili mwaka 1963.

(Kiswahili chetu kina sitara yake. Tukisema "yeye" au "alikwenda" hatusemi mume wala mke, na habari ya Conway yasimulika tangu mwanzo hadi mwisho bila ulimi kujikwaa.)

Mwaka 1964 kampuni kubwa ya kompyuta, IBM, ilimwajiri katika idara yake ya utafiti. Huko alibuni njia ya kuifanya kompyuta itekeleze amri nyingi kwa mara moja, bila kungoja foleni. Asiyejua mambo haya na amfikirie mpishi wa arusi. Mpishi hodari hasubiri nyama iive ndipo aanze kumenya vitunguu. Kilicho tayari hukishughulikia, kisicho tayari hukiacha kikae motoni, na mwishowe biriani hutoka kwa wakati wake. Fikira ya namna hiyo leo imo ndani ya kompyuta na simu tunazozichukua mifukoni.

Mwaka 1968 Conway aliwaarifu wakubwa wake kwamba yuko katika matibabu ya kubadili jinsia. Wakampiga kalamu. Hawakumfukuza kwa uvivu, wala kwa wizi, wala kwa hesabu iliyokwenda kombo. Nyumba yake nayo ilivunjika, akazuiwa asiwaone mabinti zake wawili.

Alianza upya kwa jina jipya, chini kabisa, kama mwandishi wa programu wa kibarua. Hakuthubutu kumwambia mtu kwamba aliwahi kufanya kazi IBM, kwa hivyo hakuweza kutaja hata kile alichokivumbua huko. Kufikia mwaka 1973 alikuwa ameingia katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California. Akashirikiana na Profesa Carver Mead kuandika kitabu kilichowarahisishia wanafunzi kanuni za kuchora chipu za kompyuta, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ni siri ya wachache ndani ya viwanda vikubwa.

Mwaka 1978 alirudi kwenye kile chuo alichokitoka bila shahada, mara hii akiwa mwalimu. Wanafunzi wake wakachora chipu, michoro ikapelekwa California kwa mtandao wa kompyuta wa siku zile, na baada ya majuma machache chipu zenyewe zikarudi mikononi mwao. Mwaka uliofuata vyuo vikuu 12 vilifanya vivyo hivyo, na katika miaka michache somo hilo lilikuwa likifundishwa katika vyuo zaidi ya 100. Tangu mwaka 1985 alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1989 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani.

Siri yake ilikaa kiasi cha miaka 30. Ilifunguka baada ya Profesa Mark Smotherman wa Chuo Kikuu cha Clemson kuanza, mwaka 1998, kuchimba historia ya ule mradi wa zamani wa IBM. Conway akaona ni heri aisimulie habari yake mwenyewe kuliko kusimuliwa. IBM ilimwomba radhi mwaka 2020, miaka 52 baada ya kumfukuza. Alifariki mwezi wa Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 86.

Sasa, msomaji wangu, zipime tarehe mbili hizi, 1968 na 1978. Mtu ni yule yule, akili ni ile ile, hesabu ni zile zile. Mwaka 1968 alifukuzwa. Mwaka 1978 wanafunzi wa chuo mashuhuri kuliko vyote walikaa mbele yake na kuandika kila alilolisema. Tofauti ni moja tu: wale walijua na hawa hawakujua. Basi lile neno la kwamba hesabu haimjui mtu ni kweli kwa hesabu yenyewe. Kwa wanaoshika kalamu ya kuajiri na kufukuza, si kweli.

KUJIFICHA NI KAZI

Huenda mtu akasema: hayo yalikuwa ya zamani, na isitoshe Conway alijificha na akafaulu, basi na wajifiche. Hapa ndipo uchunguzi wa vyuoni unapotufaa.

Mwaka 2011 Erin Cech na Tom Waidzunas walichapisha mazungumzo yao na wanafunzi 17 wa uhandisi, mashoga, wasagaji na wapendao jinsia zote mbili, katika chuo kikuu kimoja cha magharibi ya Marekani. Wanafunzi hao waliishi kwa hila tatu. Wa kwanza hujifanya ni kama wengine, asijulikane kabisa. Wa pili hajifichi kabisa, ila huyafunika mambo yake: habadilishi sauti, hataji jina la mpenzi wake, huchunga hata nguo. Wa tatu hujitwika masomo mpaka awe bingwa ambaye wenziwe hawana budi kumhitaji, ili siku watakapomjua waone hasara kumtupa.

Asiyewahi kusoma uhandisi atauliza: kwani katika kuhesabu nguvu ya daraja kuna nafasi gani ya kujulikana? Ipo kubwa. Uhandisi hausomwi na mtu peke yake. Kuna mwenzako wa maabara, kuna kundi la mradi, kuna majuma ya kukesha pamoja juu ya mashine isiyotaka kuwaka. Ni kama jahazi: baharia lazima amjue yule aliyeshika upande wa pili wa kamba. Jumatatu asubuhi mwenzako akuuliza, mwisho wa juma ulikuwa na nani? Kwa wengine hilo ni swali la salamu. Kwa huyu ni mtihani. Akisema kweli aogopa. Akisema uongo itambidi aukumbuke Jumatatu ijayo na ile inayofuata. Uongo ni deni lenye riba. Akinyamaza, huonekana mwenye kiburi, na kundi likigawanywa tena hapati wa kumchagua.

Na dhihaka nazo hazikomi. Huku kwetu neno "shoga" lina asili ya mapenzi: ni mwanamke kwa rafiki yake wa ndani, wa kupeana siri na kusitiriana. Likabandikwa kwa mwanamume likawa tusi. Vijana wa Marekani wamefanya kama hivyo kwa neno lao la Kiingereza: kitu kikiharibika, au mwenzao akifanya la kijinga, humwambia kwa neno la kumtajia ushoga. Asemaye hana habari kwamba aliyekaa pembeni yake lamchoma. Aliyechomwa naye hawezi kusema "naumia", kwa kuwa kuumia kwake ndiko kutakakomfichua.

Cech na Waidzunas walionyesha jambo jingine ambalo ndilo kiini cha makala haya. Wahandisi hugawa dunia mafungu mawili, ya ufundi na ya watu, na huona kwamba la watu ni duni na si mahali pake darasani. Mgawanyo huo ndio unaomfunga mdomo mwanafunzi. Akidhihakiwa na akalalamika, huambiwa: hapa twasoma uhandisi, hayo peleka kwingine. Dhihaka yenyewe haikuambiwa iende kwingine. Hiyo imekaa papo hapo, ila haihesabiwi kuwa ni habari ya watu kwa sababu ni ya wengi.

TARAKIMU ZASEMAJE?

Wahandisi wataka tarakimu, nasi tuwape. Mwaka 2018 Cech, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Michigan alikofundisha Conway, alichapisha pamoja na William Rothwell uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 1,700 katika vyuo vinane vya uhandisi, na 141 kati yao walikuwa wa kundi hili. Hao 141 walitengwa zaidi kuliko wenzao, kazi yao ilidharauliwa zaidi, na walikuwa na usingizi mbaya, huzuni na uchovu zaidi.

Mwaka huo huo Bryce Hughes wa Montana State University alitoa hesabu nyingine. Alifuata wanafunzi zaidi ya 4,000 wa vyuo 78 walioanza na nia ya kusoma sayansi, uhandisi au hesabu. Kufikia mwaka wa nne, katika kila 100 wa kawaida, 71 walikuwa bado wamo. Katika kila 100 wa kundi tunalolizungumza, walibaki 64. Hata alipokwisha kutia katika hesabu alama walizotoka nazo shule, pengo halikuzibika.

Usiseme upesi kwamba walioondoka walikuwa dhaifu. Hughes alikuta kwamba wanafunzi hao walishiriki katika utafiti wa maabara kuliko wenzao. Yaani walioelekea kutoka ndio waliokuwa wakikesha. Tena alikuta kioja: kwa kawaida wanawake ndio waachao masomo haya kwa wingi kuliko wanaume, lakini katika kundi hili mambo yaligeuka, na wanaume ndio walioondoka zaidi. Lau ingekuwa ni ugumu wa hesabu tu, mageuzi hayo yasingekuwapo. Mimi naona sababu ni baraza yenyewe. Darasa la uhandisi ni baraza ya wanaume, lina mwendo wake wa kusema na kutembea, na mwanamume asiyefuata mwendo huo ndiye wa kwanza kuonekana si wa hapo.

Wala kumaliza chuo si kutoka mashakani. Mwaka 2021 Cech na Waidzunas walitoa uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 25,000 wa sayansi na uhandisi, wanachama wa vyama 21 vya kazi. Wale wa kundi hili walisema zaidi kuliko wenzao kwamba wananyimwa nafasi, wanasumbuliwa, na wanafikiria kuiacha kazi waliyoisomea.

UGOMVI WA LEO

Kwa muda wa miaka kadha vyuo vya Marekani vilijaribu kulitengeneza jambo hili. Mwaka 2005 IBM, kampuni ile ile iliyomfukuza Conway, iligharimia mkutano wa wanafunzi uliozaa chama kiitwacho oSTEM, chenye matawi katika vyuo vingi. Ofisi zikafunguliwa za kuwasaidia wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma: weusi, wanawake, walemavu na hawa pia.

Kisha upepo ukageuka. Katika Texas, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024 ilipiga marufuku ofisi za namna hiyo katika vyuo vya serikali. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Rais Donald Trump alitia sahihi amri za kufuta mipango kama hiyo katika serikali kuu na za kutambua jinsia mbili tu. Mwezi wa Februari bodi ya ABET, ambayo ndiyo inayozithibitisha shahada za uhandisi nchini humo, iliyaondoa maneno yote ya usawa na ushirikishi katika masharti yake. Mwezi wa Aprili shirika la serikali linalogharimia sayansi likaanza kukatiza ruzuku kwa mamia, nyingi zikiwa za elimu ya sayansi na uhandisi.

Hoja ya wakubwa hao si ya kupuuzwa, na ni haki isemwe. Wasema kwamba mtu apimwe kwa kazi yake tu; kwamba ofisi hizo zawagawa watu mafungu mafungu, na fedha za mlipa kodi ziende kwenye chuma na umeme. Ukiitazama, ni lile neno letu la mwanzo: hesabu haimjui mtu.

Nami nasema: haya, na tukubaliane kwamba mtu apimwe kwa kazi yake. Lakini Conway hakupimwa kwa kazi yake. Na hao wanafunzi waliokuwa wakikesha maabara kisha wakaondoka, nao hawakuondolewa na kazi yao. Anayetaka kazi ndiyo iwe kipimo anapaswa kuwa wa kwanza kuuliza ni kitu gani kingine kinachopima kwa siri. Kuivunja mizani ya kutambua udhalimu si kuuondoa udhalimu. Ni kuacha kuuona. Beti hii inisaidie:

Fundi mpe yake kazi, umpime kwa mizani,
Usimvue mavazi, kutafuta ya moyoni,
Ukuta hauulizi, mjengi wake ni nani,
Waulizao ni watu, ukuta hauna neno.

NA SISI JE?

Najua msomaji wangu ana swali lake, na amelishika tangu mwanzo: dini imekwisha kusema, wewe wazungumza nini? Hukumu ya kitendo wana wenyewe, masheikh na makadhi, nami si mmoja wao. Lakini dini hiyo hiyo, katika Surat Al-Hujurat, imetukataza kupelelezana, kusengenyana na kuitana majina mabaya. Makatazo hayo hayakuwekewa mpaka wa kwamba fulani yuafaa kudhihakiwa na fulani hafai. Mambo yanayomwondoa mwanafunzi darasani ndiyo hayo hayo: kupekuliwa, kusengenywa, kubandikwa jina.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuo twakumbuka katika elimu ya mirathi mlango wa khuntha, yule ambaye maumbile yake hayakubainika kuwa ni mume au mke. Khuntha si shoga, wala habari yake si moja na ya Conway; mambo haya yako mbalimbali. Namtaja kwa jambo moja tu. Wanazuoni walipokutana na mtu asiyeingia katika hesabu yao ya kawaida, hawakumtoa katika mirathi. Waliketi wakaitafuta hesabu.

Tena Waislamu wa pwani twajua maana ya kuachwa nje ya mlango wa ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa hapa Mombasa taasisi ya MIOME, kwa fedha za Sultani wa Unguja, Aga Khan na wengineo, na mwaka 1951 ikapokea wanafunzi, kwa sababu vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wameachwa nyuma katika elimu ya ufundi. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wetu hawakuridhika kuambiwa kwamba hesabu haina dini, basi Mwislamu na aje tu. Walijua kwamba mlango ulio wazi si lazima uwe mlango unaoingilika. Silinganishi watu na watu. Nalinganisha hoja na hoja.

Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 162 cha kanuni za adhabu, yaweka kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwa hivyo kijana wa Kenya aliye na siri hii akiingia darasa la uhandisi ataificha, wala hakuna atakayemshauri vinginevyo. Lakini sheria yaadhibu kitendo. Haikumwamuru mwalimu wala mwanafunzi kumdhihaki mtu, kumtenga katika kundi, au kumnyima alama alizozifanyia kazi.

Mhadhiri wa uhandisi hatakiwi kutoa fatuwa. Atakiwa mambo machache yasiyohitaji ofisi wala ruzuku. Akomeshe dhihaka katika maabara yake, iwe ni ya kabila, ya dini au ya hili. Agawe makundi mwenyewe, asiwaache wanafunzi wachaguane mpaka abaki mmoja ukutani. Asahihishe mtihani kwa namba badala ya jina. Na amwache mtu na siri yake, asimlazimishe kuitoa wala kuisemea uongo. Ayashindwaye hayo, asituambie tena kwamba hesabu haimjui mtu.